SWICHI YA ANTENA TUIUNDE KWA MIKONO YETU

Tarehe 8 Agosti 1914, siku chache tu baada ya Waingereza na Wajerumani kuanza vita vyao huko Ulaya, manowari ya Kiingereza iitwayo Astraea ilifika mbele ya Dar es Salaam. Shabaha yake ya kwanza haikuwa soko wala forodha. Ilikuwa kituo cha simu ya upepo, na mnara wake uliangushwa siku ile ile. Waliokuwa wakisema kwa mnara ule ni Wajerumani, na waliokuja kuunyamazisha ni Waingereza. Mwenye nchi hakuwa na neno lake hata moja lililopita hewani, wala hakuulizwa.

Twaanza na habari hiyo kwa sababu wiki hii tunataka kuandika juu ya kitu kidogo sana, ambacho baadhi ya wakubwa wetu watakicheka wakisoma. Ni swichi ya antena. Watauliza: hivi gazeti la Chama limekosa habari, hata likajaza ukurasa kwa mambo ya waya na risasi ya kulehemu? Hatukukosa habari. Tumechoka kuandika kila juma neno hili la kujitegemea kana kwamba ni wimbo, bila ya kuonyesha hata mara moja linashikwa wapi na linafungwa kwa skrubu gani.

Jambo lenyewe ni hili. Kijana anayetaka kuingia katika redio ya ridhaa, yaani ile ya kuzungumza na watu wa mbali kwa mawimbi bila malipo wala biashara, ana njia mbili. Ya kwanza ni kununua chombo kimoja cha kigeni chenye kila kitu ndani yake. Ya pili ni kuunda mtambo wake mdogo wa kurushia, na kando yake kipokezi chake, kila kimoja kwa wakati wake, kadiri mfuko unavyoruhusu. Njia ya pili ndiyo iliyowafundisha kazi mafundi wa dunia nzima. Lakini mwenye njia hiyo ana vyombo viwili na antena moja, na hapo ndipo taabu inapoanza.

Mtu atasema: basi na ajenge antena mbili. Hasha. Antena ya mita 40 za mawimbi, kwa masafa ya megahezi 7.1, ni waya wa mita 20 hivi uliokatwa katikati na kuinuliwa juu kadiri inavyowezekana. Ni wangapi katika Temeke au Tandale wenye uwanja wa kutandaza waya wa namna hiyo mara mbili? Tena hata wenye uwanja hawapati nafuu, kwa kuwa antena ya pili ikiwa jirani na ya kwanza itanyonya sehemu ya nguvu ya mtambo wa kurushia na kuimimina katika kipokezi. Antena nzuri ya kurushia ndiyo nzuri ya kupokelea. Basi iwe moja, na vyombo vipokezane.

Sasa tazameni tofauti ya hawa wawili wanaopokezana. Mtambo wa wati 50, ambao si mkubwa, ukipeleka nguvu zake katika kebo ya omu 50, unatoa volti 50 na ampia 1. Kipokezi nacho, kikipata kutoka kwa mwenzetu wa mbali ishara ambayo wapigaji wote huiita ya nguvu, kinapata volti 50 zilizogawanywa mara milioni moja. Mmoja anapiga kelele na mwingine anatega sikio kusikia mchwa, na wote wawili wamefungwa kamba moja. Ukikosea mara moja tu, ukabonyeza ufunguo wa kurushia huku kipokezi kimeshika antena, sehemu zake za mbele zaweza kufa kabla hujanusa moshi.

Sisi tuandikao tulijifunza kwa hasara. Nyumbani kwa mwenzetu mmoja mwenye leseni tulikuwa tukibadilisha kebo kwa mkono: ukitaka kusema unachomoa hapa unachomeka pale, ukitaka kusikia unafanya kinyume. Tulifanya hivyo kwa majuma mengi tukajiona werevu. Usiku mmoja umeme ulikatika, ukarudi, tukasahau kebo iko upande gani. Kipokezi tulichokiunda kwa miezi minne kilinyamaza. Tulipokifungua tulikuta transista ya mbele imekwisha, na koili yake imebabuka. Hatukumlaumu mtu. Ila tangu siku hiyo tumejua kwamba mkono wa binadamu usiku hauaminiki, na ya kwamba kazi hii ya kubadilisha si ya kuachiwa kumbukumbu.

Dawa yake ni rilei, ile swichi inayovutwa na sumaku ya umeme. Kila fundi wa magari anaijua. Ndani ya rilei mna ulimi wa chuma wenye midomo miwili: rilei ikilala, ulimi umegusa mdomo wa mapumziko, koili yake ikipata umeme, ulimi unavutwa na kugusa mdomo wa kazi. Rilei inayotufaa sisi ni ya volti 12, yenye ndimi tatu au nne ndani ya ganda moja. Twapendelea yenye ganda la plastiki lililofungwa, kwa sababu ndugu zetu wa Tanga, Mtwara na Unguja wanajua hewa ya bahari inavyokula midomo ya rilei iliyo wazi. Nyingine hupatikana kwa wauza vipuri vya mitambo ya viwandani iliyochakaa. Itafute huko kwanza, kabla hujapeleka fedha ng'ambo.

Ulimi wa kwanza uunganishwe na antena. Mdomo wake wa kazi uende kwa mtambo wa kurushia. Mdomo wake wa mapumziko usiende moja kwa moja kwa kipokezi, bali uende kwa mdomo wa mapumziko wa ulimi wa pili. Na huo ulimi wa pili ndio uunganishwe na soketi ya kipokezi. Mdomo wa kazi wa ulimi wa pili uunganishwe na bati la sanduku, yaani ardhi. Kwa hiyo rilei ikilala, sauti inatoka antena, inapita ndimi mbili, inaingia katika kipokezi. Rilei ikivutwa, antena inahamia kwa mtambo wa kurushia, na mlango wa kipokezi unafungwa kwa chuma kitupu.

Wengi hawaelewi kwa nini tunahangaika na ulimi wa pili, nao husema kwamba kipokezi kikiisha kuachana na antena kimekwisha kuokoka. Hapa ndipo wengi huunguza. Midomo miwili iliyoachana ndani ya rilei, hata kama haigusani, ni kapasita ndogo. Tuseme ni pikofaradi 1 tu. Katika megahezi 7 kapasita hiyo ni kama kizuizi cha omu 23,000 hivi, nazo volti 50 za mtambo zitapenyeza kwa kipokezi kiasi cha sehemu moja ya kumi ya volti. Inaonekana kidogo. Lakini ni maelfu ya mara kuliko ile ishara ya nguvu tuliyoitaja, na ukipanda hadi megahezi 28 inakuwa mara nne yake. Ulimi wa pili unaipeleka takataka hiyo ardhini. Mwenye kutaka usalama zaidi na aweke, kwenye mlango wa kipokezi, dayodi mbili ndogo za namna ya 1N4148 zilizotazamana kinyume, kutoka waya wa kati hadi ardhi. Hizo haziruhusu volti kuzidi sehemu saba za kumi au karibu na hapo. Lakini zisifanywe badala ya ulimi wa pili. Hizo ni za siku ya ajali.

Ulimi wa tatu ndio wa nidhamu. Mtambo wa kurushia haufai kuamka kabla antena haijafika kwake, kwa kuwa ukiamka mapema utapiga cheche katika midomo ya rilei, na nguvu isiyo na pa kwenda itairudia transista yake ya mwisho na kuiua. Basi waya wa kuamsha mtambo upitishwe katika ulimi wa tatu, ili usifungike mpaka rilei imekwisha kuvutwa. Na swichi ya mkono iliyo mezani iwe ya jozi mbili: jozi moja ipeleke umeme wa koili, jozi ya pili iwe katika mstari wa waya huo huo wa kuamsha mtambo. Faida yake huonekana wakati wa kurudi. Ukiirudisha swichi, jozi ya pili inaukata mtambo papo hapo, na rilei, ambayo huchelewa kidogo kuachia, inarudi antena ikiwa haina moto. Twaongeza neno kwa wapigaji wa mosi: ndimi za rilei moja hazipishani sana, na rilei ndogo hutumia milisekunde kumi au zaidi kuvutwa na kutulia. Geuza swichi kwanza, ndipo uguse ufunguo. Huo mmoja ni wakati mkono unaotulia unafaa kitu.

Ukibakiwa na ulimi wa nne, utumie kukata waya wa spika ya kipokezi ili usijisikie ukipiga kelele mwenyewe.

Juu ya koili ya rilei hatuna budi kuweka dayodi, 1N4007 inatosha, upande wenye mstari ukielekea kwenye chanya. Koili ikikatiwa umeme hujibu kwa hasira, inaweza kurusha mamia ya volti kwa nukta moja, na volti hizo hula swichi na transista zote zilizo jirani. Ukiigeuza dayodi kinyume utakuwa umeufunga umeme wako kwa waya mfupi, na fyuzi ndiyo itakayokuambia. Kwa hiyo weka fyuzi.

Sanduku liwe la bati. Kopo la biskuti au la majani ya chai ni bora kuliko sanduku zuri la alumini, kwa kuwa bati hupokea lehemu na alumini haipokei. Soketi tatu zifungwe ukutani pake karibu na rilei, na waya za ndani ziwe fupi kama kidole cha mtoto. Kebo ikiingia kwa antena, ganda lake la nje ligusane na bati kuzunguka pande zote. Lisisokotwe likawa mkia mrefu. Huu ni ushauri unaodharauliwa kuliko wote, na ndio unaotofautisha kazi ya fundi na kazi ya mtu wa papara.

Kabla kipokezi hakijasogezwa karibu, pima. Kwa mita ya omu, rilei imelala: antena na kipokezi vigusane, antena na mtambo visigusane, kipokezi na bati visigusane. Vuta rilei: antena na mtambo vigusane, kipokezi kigusane na bati. Kisha weka mzigo wa kujaribia badala ya antena. Rezista 20 za kaboni, kila moja omu 1,000 na wati 2, zikifungwa sambamba, zinatoa omu 50 na kuvumilia wati 40. Zile za waya uliosokotwa hazifai. Mahali pa kipokezi weka balbu ndogo ya tochi, ya namna ya zamani yenye uzi wa moto. Punguza nguvu ya mtambo, urushe. Balbu ikiwaka hata kwa wekundu hafifu, umekosea waya mahali. Shukuru kwamba ni balbu.

Na radi? Swichi hii haimzuii radi. Wakati wa masika antena ichomolewe kabisa na kuachwa nje.

Hiyo ndiyo swichi. Sasa turudi kwa wakubwa wetu wanaocheka.

Wanasema kwamba vyombo vya siku hizi vina swichi hiyo ndani, tayari, na kwamba kuiunda ni kupoteza wakati. Ni kweli ina ndani. Lakini aliyekinunua chombo hajui iko wapi, na ikifa, chombo kizima kinakwenda jalalani. Wazee wetu wanakumbuka redio za National zilizofungwa Dar es Salaam, na za Philips zilizofungwa Arusha. Redio hizo zilipokwenda vijijini zilizaa kitu ambacho hakikuandikwa katika mpango wowote: mafundi. Hapakuwa na soko la wilaya lisilo na kibanda chenye pasi ya kulehemu juu ya jiko la mkaa. Leo wengi wa mafundi hao ni wazee au wametutoka, na vijana waliokaa katika vibanda hivyo wanauza vocha na vioo vya simu. Hatuwalaumu vijana. Hakuna aliyewapa kazi ya kuunda.

Tukumbuke pia kwamba nchi hii ilipata heshima kwa redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951 kwa nguvu ndogo. Mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, na katika miaka ile vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika vilipewa nafasi ya kusema na watu wao kutoka hapa kwetu. Tuliwapa ndugu zetu sauti. Twajivunia. Lakini mitambo yenyewe tuliagiza, na tabia ya kuagiza imetukaa hata leo tunaagiza kopo la bati lenye rilei moja ndani yake.

Na asiseme mtu kwamba simu za mkononi zimeyamaliza mambo haya. Mnamo Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, na intaneti ikazorota katika nchi nzima. Kagera ilipotikiswa na tetemeko mwezi Septemba 2016, waliolala nje walitaka habari za jamaa zao. Waya wa mita 20, betri ya gari na mtambo wa wati chache hauhitaji mnara wa kampuni wala waya wa baharini. Mpigaji wa Dar es Salaam aweza kusema na mwenzake wa Songea au Dodoma mchana kweupe kwa mita 40. Kanuni za kimataifa zenyewe zinatambua kazi ya redio ya ridhaa wakati wa maafa.

Hapa lazima tuwe wakali kwa wanachama wenzetu, maana twajua wako watakaosoma haya na macho yao yakang'aa kwa sababu isiyo yetu. Redio ya ridhaa si jukwaa. Kanuni zile zile za kimataifa zinaizuia kuwa chombo cha kutangaza mambo ya watu wengine: ni ya kujifunza, kujaribu vyombo, na mazungumzo ya wapigaji wao kwa wao. Tawi litakalotumia masafa hayo kupigia kampeni litakuwa limevunja sheria na kuwaharibia vijana wote njia. Tena hakuna kurusha bila leseni. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na kurusha bila hiyo ni kosa. Kuunda swichi, kuilehemu, kuipima kwa mita na kusikiliza kwa kipokezi, hilo kila mmoja alifanye hata kesho. Kubonyeza ufunguo kungoje karatasi.

Twaitaka serikali nayo ifanye upande wake. Alama za wito za nchi hii huanza na 5H. Zamani za Mwingereza zilikuwa VQ3 kwa Tanganyika na VQ1 kwa Unguja, na waliozitumia aghalabu walikuwa maofisa na walowezi waliokuja na vyombo vyao na kuondoka navyo. Tukapata alama yetu, lakini ukisikiliza 5H hewani, mara nyingi sauti inayojibu ni ya mgeni aliye likizoni. Hatuna ugomvi na mgeni, amefuata sheria, na wengi wao ni watu wema wanaogawa ujuzi. Ugomvi wetu ni kwamba mwenyeji hayupo. Mafunzo ya jambo hili yatolewe kwa Kiswahili, katika vyuo vya ufundi na shule za sekondari, na ada ya mwanafunzi iwe ya mwanafunzi. Kijana wa Iringa asikwame kwa sababu neno rilei limeelezwa kwa lugha ya watu, hali kitu chenyewe anakiona kila siku chini ya boneti ya basi.

Kwa matawi yetu ya vijana tunatoa pendekezo moja. Msianze kwa kuchangisha fedha za mtambo. Anzeni kwa kopo, rilei moja, soketi tatu, dayodi na balbu ya tochi. Mtafuteni mzee mmoja wa pasi ya kulehemu kabla hajatutoka, mumkalishe kitini, nanyi mkae chini. Tawi litakalomaliza na likapima kama tulivyoeleza, lituletee mchoro wake uliochorwa kwa mkono, pamoja na makosa yote yaliyofanyika njiani. Tutauchapa katika ukurasa huu, na makosa tutayachapa pia.